Mkiwa na Mtawa: Maisha ya Upweke Baada ya Msiba katika Fasihi Yetu

Desturi zetu zinajua sana kumpokea mfiwa, lakini hazijui sana kumwacha. Siku za mwanzo za msiba nyumba hujaa watu. Wanaume huketi barazani, wanawake hulala ndani mikekani, majirani huleta unga, mchele na kuni, na mfiwa haachiwi hata kujitekea maji. Kisha matanga huondolewa. Waislamu huingojea arobaini, Wakristo huwa na ibada yao, na katika makabila mengi ya bara huwapo siku ya kunyoa nywele na kugawa vitu vya marehemu. Baada ya hapo kila mtu hurudi kwake, naye mfiwa hubaki na nyumba yake. Ndipo linapoanza swali ambalo desturi haikulijibu. Mtu aliyekwisha kupita ujana, ambaye mwenzake amekufa na watoto wake wameanza kuondoka, aishi vipi? Aanze tena kama kijana? Ahamie kwa ndugu? Au apunguze vitu vyake na shughuli zake, akae peke yake na kidogo alicho nacho?

Insha hii inakusudia kuchunguza jinsi fasihi ya Kiswahili ilivyolijibu swali hilo, na jinsi sisi walimu na wahakiki tulivyolisoma jibu lake. Tutatazama kazi chache ambazo wanafunzi wa sekondari huzikuta au husikia habari zake: Al-Inkishafi, Utendi wa Mwana Kupona, maandishi ya Shaaban Robert, na kwa ufupi riwaya ya Kichwamaji ya Euphrase Kezilahabi. Hoja yetu ni kwamba fasihi yetu imepambanua tangu zamani aina mbili za upweke, na kwamba uhakiki wetu umezichanganya. Kosa hilo halikuishia vitabuni.

Maneno yenyewe

Na tuanze na lugha. Mtu akiwa peke yake twasema yu mpweke. Neno hili halisifu wala halilaumu, linahesabu tu. Lakini Kiswahili hakikutosheka na hesabu. Kina neno ukiwa, ambalo hutumika kwa mahali na kwa mtu. Nyumba iliyohamwa ni ukiwa. Kijiji kilichobaki mahame ni ukiwa. Na mtu aliyenyang'anywa na mauti wale waliokuwa wakimtegemeza huitwa mkiwa. Katika neno hilo kuna kupoteza, tena kupoteza pasipo hiari. Hakuna mtu anayejifanya mkiwa. Mtu hufanywa mkiwa.

Upande wa pili kuna neno utawa. Kutawa ni kukaa ndani, kujizuia na mizunguko ya dunia, na mtawa ni mtu aliyejitenga kwa ajili ya ibada au kwa ajili ya kuutunza moyo wake. Hapa kuna hiari. Mtawa hakunyang'anywa dunia. Ameiweka chini mwenyewe, kama mtu anavyotua mzigo ili apate kuendelea na safari. Kwa hiyo watu wawili wanaweza kukaa katika vyumba viwili vilivyo sawa, kila mmoja na kitanda kimoja, sufuria moja na taa moja, na bado lugha yetu ikawaita majina mawili tofauti.

Jambo kubwa, na hili ndilo fasihi inalolishughulikia, ni kwamba mtu huyo huyo anaweza kuanza akiwa mkiwa na kuishia akiwa mtawa. Msiba hauna hiari, lakini namna ya kukaa baada ya msiba inaweza kuwa na hiari. Safari ya kutoka neno la kwanza kwenda neno la pili ndiyo maudhui ya kazi tutakazozitazama.

Hukumu ya miaka ya 1970

Kabla ya kuzitazama kazi zenyewe, ni haki tukumbushe jinsi zilivyohakikiwa. Baada ya Azimio la Arusha la 1967 uhakiki wa Tanzania ulipata kipimo kipya, nacho kilikuwa na manufaa mengi. Msanii aliulizwa yuko upande wa nani, na mhusika aliulizwa ameifanyia nini jamii yake. Kwa kipimo hicho mtu aliyejitenga alikuwa na kesi ngumu. Wengi wetu tuliwafundisha wanafunzi kwamba kujitenga ni ubinafsi, kwamba anayekimbilia shamba lake peke yake amewaachia wenzake mapambano, na kwamba mshairi anayeikana dunia anawafundisha wanyonge kuvumilia dhuluma.

Hatuna budi kukubali kwamba hoja hiyo ilikuwa na ukweli. Ipo fasihi inayomwambia maskini asitake kitu kwa sababu dunia ni ya kupita, huku tajiri akiendelea kukitaka na kukipata. Uhakiki uliofichua jambo hilo ulifanya kazi njema. Lakini kipimo kimoja kikitumiwa kupimia kila kitu hugeuka kuwa kifuniko. Msomaji aliyekuwa tayari kumwita kila mpweke msaliti hakuwa na haja ya kuuliza mpweke huyo amefiwa na nani, ameondoka na nini, na huko aliko anafanya nini. Maswali hayo matatu ndiyo tutakayoyauliza hapa.

Al-Inkishafi: nyumba iliyobaki tupu

Al-Inkishafi ni kazi ya Sayyid Abdallah bin Ali bin Nasir wa Pate, kisiwa kilichomo katika visiwa vya Lamu, pwani ya Kenya. Ilitungwa mwanzoni mwa karne ya 19, wakati utukufu wa Pate ulipokuwa umekwisha kushuka. Mji huo ulikuwa umetajirika kwa biashara ya Bahari ya Hindi, kisha ukadhoofishwa na vita na ugomvi wa watawala. Mshairi hakuandika historia ya mambo hayo. Aliingia ndani ya nyumba.

Hapo ndipo ulipo uwezo wake. Anatuonyesha kumbi zilizokuwa zikiwaka taa hata usiku ukafanana na mchana, zidaka zilizopangwa vyombo vya kaure, na mabwana waliotembea kwa maringo huku wakipepewa. Kisha anatuonyesha kumbi zile zile baadaye: popo wamening'inia juu, wadudu wanalia, ndege wamejenga katika zidaka vilimokaa vyombo, na magugu yameota uani. Hatupewi hoja ya kifalsafa kwamba dunia haidumu. Tunapewa kidaka kimoja, na tunaulizwa kilikuwa na nini na sasa kina nini. Mwalimu anayetaka kuwafundisha wanafunzi maana ya taswira hahitaji mfano mwingine.

Huu ni ukiwa kwa maana yake kamili. Lakini tuangalie mshairi anasema na nani. Hasemi na watu wa Pate, kwani wengi wao wamo makaburini. Hasemi na mtawala. Anasema na moyo wake mwenyewe. Anauita, anauuliza kwa nini hauzinduki, anaukemea kama mzazi anavyomkemea mtoto mkaidi, anaupa mfano wa taa iliyowekwa penye upepo. Utendi mzima ni mazungumzo ya mtu mmoja aliyejigawa sehemu mbili, mmoja anayejua na mmoja asiyekubali kujua.

Wahakiki waliouita utendi huu wimbo wa kukata tamaa hawakuyapa mazungumzo hayo uzito unaostahili. Aliyekata tamaa hahangaiki kubishana. Sayyid Abdallah anabishana na moyo wake kwa sababu anaamini unaweza kubadilika. Ni kweli kwamba anaupeleka kwenye hofu ya Jahanamu na si kwenye matengenezo ya mji, na msomaji wa leo ana haki ya kumwuliza kuhusu watumwa na watumishi waliowasha zile taa. Lakini katika swali letu la mfiwa, hatua yake ni kubwa. Anakataa kuijenga upya fahari iliyoanguka. Anaona kwamba kilichoanguka si kuta tu, bali pia namna yake mwenyewe ya kupenda vitu, na kwamba kazi iliyobaki ni ya ndani. Hapo ukiwa umeanza kugeuka utawa.

Mwana Kupona: wino na karatasi

Miongo michache baadaye, katika visiwa hivyo hivyo, mwanamke mmoja alitunga utendi mwingine. Mwana Kupona alikuwa mke wa Bwana Mataka, mtawala wa Siyu aliyepambana na Seyyid Said. Bwana Mataka alifariki mwaka 1856. Utendi ulitungwa mwaka 1858, mwandishi akiwa mjane na mgonjwa, naye mwenyewe akafariki miaka michache baadaye. Katika utendi anamwita binti yake aje karibu, alete wino na karatasi, kwa kuwa ana neno la kumwambia.

Utendi huu umezua ubishi mwingi. Wengi wamesema, nao wana hoja, kwamba unamfundisha msichana kumtii mume kupita kiasi. Hatukusudii kuumaliza ubishi huo hapa. Tunachotaka kuonyesha ni mahali anapokaa msemaji. Mke wa mtawala amebaki na chumba, maradhi, na watoto. Vita vya Siyu havimo tena mikononi mwake. Anaikumbuka ndoa yake bila malalamiko, na anaeleza jinsi mumewe alivyoondoka duniani akiwa radhi naye. Kisha haendelei kuomboleza. Anageuka na kumpa binti yake mawaidha, ambayo anayafananisha na hirizi ya kuvaa: amche Mungu, awe na adabu, aseme kweli, asiwadharau wanyonge na maskini.

Hapa tunaona tofauti na Al-Inkishafi. Sayyid Abdallah alisema na moyo wake. Mwana Kupona anasema na mtu aliye mbele yake. Maisha yake yamepungua hata yakawa chumba kimoja, lakini kutoka katika chumba hicho anatuma kitu nje. Upweke wake una mlango. Na kwa kuwa aliutumia mlango huo, vizazi vya wanawake wa pwani viliusoma na kuuhifadhi utendi wake kwa zaidi ya miaka mia moja. Kama tungempima kwa kipimo cha kuuliza alikuwa mstari gani wa mapambano, tusingemwona kabisa.

Shaaban Robert: kalamu na jembe

Shaaban Robert, aliyezaliwa mwaka 1909 na kufariki mwaka 1962, aliijua habari ya kufiwa kwa nafsi yake. Alikuwa karani wa serikali ya kikoloni, akihamishwa kituo baada ya kituo, na katikati ya maisha hayo alifiwa na mkewe Amina. Habari hiyo imo katika Maisha Yangu, kilichotoka mwaka 1949, pamoja na shairi la maombolezo linalobeba jina la marehemu. Baadaye alioa tena. Kwa hiyo hatuwezi kumwita mtu aliyechagua upweke wa kudumu. Lakini tazama alichofanya kwa kalamu yake. Aliwatungia watoto wake tenzi mbili za mawaidha, Utenzi wa Hati kwa binti na Utenzi wa Adili kwa mwana. Msomaji aliyetoka kumsoma Mwana Kupona hukutana hapa na sauti anayoijua: mzazi anayegeuza maisha aliyoyapitia kuwa maneno ya kumfaa mtoto. Safari hii mzazi ni mwanamume, na jambo hilo si dogo katika jamii ambayo mgane huulizwa kwanza nani atampikia, kabla hajaulizwa analala vipi.

Katika riwaya ya Utubora Mkulima, iliyochapishwa mwaka 1968 baada ya kifo chake, Shaaban Robert alilipa wazo hili mwili kamili. Utubora ni mtu mwenye kazi nzuri mjini, mwenye mshahara na heshima, ambaye anaiacha kazi hiyo akaenda shamba kulima. Nyuma yake kuna vita na kuna uchumba uliovunjika. Mwenzake hakufa, alimpoteza kwa njia nyingine. Hata hivyo hasara ni hasara, na wahenga walisema mwenye kovu usidhani amepoa.

Riwaya hii ndiyo iliyoshambuliwa zaidi. Ilisemwa kwamba Utubora anakimbia, kwamba matatizo ya mjini anayaacha kama alivyoyakuta, na kwamba shamba lake ni ndoto ya karani aliyechoka. Hoja ya tatu ina nguvu. Ukulima wa Utubora hauna ukame, wala wadudu, wala bei mbaya ya mazao kwa kiasi ambacho mkulima wa kweli anakijua. Tena Utubora aliweza kuchagua maisha ya kawaida kwa sababu alikuwa na kitu cha kuacha. Asiye na mshahara hana mshahara wa kukataa. Mwalimu asiache kuwaambia wanafunzi tofauti iliyopo kati ya kuishi na kidogo kwa hiari na kuishi na kidogo kwa kukosa. Wa kwanza anaweza kurudi mjini kesho. Wa pili hana pa kurudi.

Lakini hoja ya kwanza, kwamba anakimbia, haisimami. Anayekimbia hutafuta mahali pa kujificha. Utubora anatafuta mahali pa kufanya kazi. Mwandishi hakumpa pango wala kisiwa, bali jembe, ardhi na majirani. Ajabu ni kwamba wakati ule ule Azimio la Arusha lilipokuwa likihimiza kila mwenye nguvu afanye kazi, na vijana waliosoma wakilaumiwa kwa kuidharau kazi ya shamba, tulimlaumu mhusika aliyeacha meza ya ofisi kwa hiari yake akashika mpini. Tulimlaumu kwa sababu alikwenda peke yake. Hatukutazama kwamba huko alikokwenda utu wake ulizidi kuonekana, na kwamba mwandishi hakumpa jina lile kwa bahati.

Kazimoto: mpweke katikati ya watu

Ili tuone vizuri kwamba kukaa peke yako si ugonjwa wenyewe, inafaa tumtazame mtu aliye kinyume cha hao watatu. Kazimoto wa Kichwamaji, riwaya iliyochapishwa mwaka 1974, ni mwanafunzi wa chuo kikuu. Ana wazazi, ana marafiki, anapata mke. Ni nadra kumkuta pasipo watu. Hata hivyo hakuna mhusika katika riwaya ya Kiswahili ya wakati ule aliye mpweke kumzidi. Elimu yake imemtenga na kijiji bila kumpa mahali pengine pa kukaa. Mawazo yake yanazunguka bila kumfikia mtu. Na mwishowe anajiua.

Kezilahabi hakuandika riwaya hiyo ili kuusifu upweke wala kuulaani. Alionyesha kwamba mtu anaweza kuwa mkiwa huku nyumba imejaa. Sayyid Abdallah alikuwa na moyo wa kubishana nao, Mwana Kupona alikuwa na binti, Utubora alikuwa na ardhi. Kazimoto ana maneno mengi yasiyo na wa kuyapokea. Kwa hiyo kinachomtofautisha mkiwa na mtawa si idadi ya watu waliomzunguka. Ni kama upweke wake una kazi na una wa kumkabidhi matunda ya kazi hiyo.

Swali la mwanafunzi

Miaka mingi iliyopita, katika darasa moja la kidato cha nne, nilikuwa nikiifundisha riwaya ya Utubora Mkulima kama nilivyofundishwa mimi. Tulikwisha kumaliza kuorodhesha sifa za mhusika mkuu na udhaifu wake. Msichana mmoja, ambaye kwa kawaida hakusema, alinyosha mkono. Alisema, "Mwalimu, Utubora akikaa peke yake shambani twasema ana utu bora. Mama yangu tangu baba afe anakaa peke yake shambani, nao wanamwita mchawi." Darasa lilicheka, kisha likanyamaza. Mimi nilisema kwamba hayo ni mambo ya nyumbani na tuendelee na kitabu. Ni jibu ninalolijutia hadi leo, kwa maana yeye ndiye aliyekuwa ameendelea na kitabu. Mimi ndiye niliyekifunga.

Swali lake lilikuwa swali la uhakiki. Katika fasihi yetu mwanamume anayejitenga baada ya hasara hupata hekima na jembe. Katika desturi zetu mwanamke aliyefiwa hupangiwa. Kwa Waislamu hukaa eda miezi minne na siku kumi, na muda huo una mpaka unaojulikana na heshima yake. Lakini eda ikiisha, au mahali ambapo eda haipo, ndipo shinikizo linapoanza. Katika makabila mengi mjane alirithiwa na ndugu wa marehemu pamoja na shamba na ng'ombe. Akikataa, aliulizwa anataka kukaa peke yake kwa ajili ya nini. Mjane asiyetaka mume wala ulinzi wa shemeji alionekana ana siri.

Taifa lililijibu jambo hilo kwa sheria. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, katika kifungu cha 68, inasema kwamba mwanamke aliyefiwa na mumewe yu huru kuishi popote apendapo, kubaki bila kuolewa, au kuolewa na mwanamume amtakaye mwenyewe, hata kama mila inasema vingine. Tuyatazame maneno hayo kama wasomaji wa fasihi. Uhuru wa kubaki peke yake umewekwa katika sheria ya nchi, tena katika miaka ile ile ambayo sisi darasani tulikuwa tukisema kujitenga ni usaliti. Mtunga sheria aliona jambo ambalo mhakiki hakuliona, kwamba kwa mwanamke upweke wa hiari si anasa ya mtu aliyechoka na mji. Ni haki ambayo bila hiyo yeye mwenyewe huhesabiwa miongoni mwa mali za urithi.

Sheria pekee haikutosha. Tangu miaka ya 1970, hasa katika mikoa ya Mwanza na Shinyanga, wanawake wengi wazee wameuawa kwa tuhuma za uchawi, na wengi miongoni mwao walikuwa wajane waliokaa peke yao. Macho yao mekundu, yaliyoharibiwa na moshi wa kupikia, yalihesabiwa kuwa ushahidi. Hatusemi kwamba mauaji hayo yalitokana na uhakiki wa vitabu. Yana sababu nyingi, zikiwemo tamaa ya ardhi na maradhi yasiyoelezwa. Tunasema kwamba jamii inayomwona kila mtu aliye peke yake kuwa tatizo imekwisha kufanya nusu ya kazi ya mshitaki. Na shule ni mahali ambapo watu hufundishwa jinsi ya kumtazama mtu.

Hapa pia fasihi yetu yenyewe ina deni. Tunamjua Mwana Kupona, mjane aliyesema kwa kinywa chake, lakini aliandika akiwa kitandani na binti akiwa karibu. Tunamhitaji pia mwanamke wa makamo aliye mzima wa mwili, aliyefiwa, aliyelea watoto wakaondoka, na ambaye asubuhi hufungua mlango wa nyumba ya vyumba viwili, hulisha kuku wake, hulima robo eka yake, na jioni huketi bila kumngojea mtu, naye hajioni kuwa amepungukiwa. Wanawake wa namna hiyo wamo katika kila kata. Katika riwaya zetu mara nyingi hutokea pembezoni, ama kama bibi wa kusimulia hadithi, ama kama mshukiwa. Waandishi wetu vijana wana shamba kubwa hapa ambalo bado halijalimwa.

Jinsi ya kusoma

Tunapendekeza basi kwamba tunapomfundisha mhusika aliyejitenga tuanze na maswali, na hukumu ifuate. La kwanza ni hili: amepoteza nini? Maana aliyechoka na anasa si sawa na aliyezika. La pili: amechukua nini na ameacha nini? Mtu anayeacha vitu akabaki na kazi hayuko sawa na anayeacha kazi akabaki na vitu. La tatu: huko aliko anasema na nani? Hata mtawa aliyefunga mlango husema na Mungu wake, na mwenye kulima peke yake husema na ardhi na msimu. Asiyesema na yeyote, wala hata na moyo wake, huyo ndiye wa kuhofiwa kwa ajili yake, na huyo ndiye jirani wa kwanza kumbishia hodi.

Wahenga walisema mtu ni watu, nao walisema kweli. Lakini msemo huo hausemi kwamba mtu lazima akae katika kundi kila saa ya maisha yake. Mwana Kupona alikuwa watu pale alipokuwa na binti mmoja na kalamu moja. Tukimbana mfiwa kwa msemo huo, tukamwambia arudi haraka kuwa alivyokuwa, tunautumia umoja kama kamba.

Yule msichana alimaliza shule, nami sikupata kumjibu. Kama ningekuwa mbele ya darasa lile leo, ningemwomba atueleze mama yake anaamka saa ngapi, analima nini, anasali vipi, na jioni hupika chakula cha kiasi gani. Kisha ningewaambia wenzake wafungue daftari zao, waandike sifa za mhusika.